Mwiko wa Ndimu

Nilipokuwa mtoto kule Jibondo, mtu akiamka na madoa ya buluu miguuni, tafsiri ilikuwa moja tu: jini kamfinya usingizini. Nami niliamini, Mungu anisamehe, nikawa nalala nimejiviringisha khanga mpaka nyayo.

Basi mama mkubwa Tatu, dada yake mama, akatokwa na madoa hayo. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hali ila uji mweupe na chai ya rangi, na kisiwa chetu kikavu, hata mchicha uliletwa kwa mashua. Fizi zikamvimba, zikavuja damu. Kovu lake la utotoni, lililokwisha kupona, likafunguka upya. Hapo hata waliokuwa wakibisha wakakubali ni jini.

"Jini gani huyu," mwenyewe alicheka, "anafinya mifupa mitupu! Si aende kwa walionona?"

Mganga akasoma, akafukiza, kisha akaweka mwiko: asiguse kitu kichachu, maana uchachu hukata damu, na yake ilikuwa inamwisha. Kwetu hilo halikuwa na ubishi.

Siku za mwisho akawa anatamani ndimu kama mjamzito. "Nionjeshe tu, mdogo wangu."

"Dada, unataka kufa uniache na nani?"

Mama alilia, lakini ndimu zote za nyumbani akampa jirani. Mama mkubwa hakuiona Ramadhani.

Mwaka jana nilimpeleka hospitali baba mkwe wangu, mgane anayejipikia. Nilipoyaona madoa miguuni mwake, nilianza kumsomea Ayatul Kursiy. Daktari, binti mdogo, alimfunua ufizi, akauliza, "Shikamoo babu. Kwani unakula nini?"

"Marahaba. Chai na mkate."

"Na matunda?"

"Mimi popo?"

Binti akacheka, kisha akasema ni kiseyeye, upungufu wa vitamini C. Wengi hudhani kilikwisha zamani, ndiyo maana hawakitambui. Akampa vidonge, akamwamuru ale machungwa. Baada ya wiki chache mzee alikuwa akienda msikitini mwenyewe.

Siku ile hospitali, kabla hatujatoka, nilimuuliza daktari, "Kovu la zamani laweza kufunguka?"

"Ndiyo. Umeliona kwake?"

"Hapana," nikasema. Nikamshika mzee mkono, tukatoka.

Mama yu hai. Kila akimrehemu dada yake husema, "Alhamdulillahi, mwiko wake niliutunza mpaka mwisho." Nami huitikia amina. Ukweli ni amana, najua. Huu nimeamua kuubeba peke yangu, na Mola ndiye atakayeniuliza.