Spika Mbili za Nyuma

Wazazi wangu wana ugomvi mmoja ambao nimeuzidi umri kwa mwaka na kidogo tu. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa moja huko Dagoretti, kanisa la watu waliotoka magharibi kama sisi, na mama aliimba sauti ya pili. Kabla ya tamasha lao kubwa walikosana kwenye mazoezi. Walikosana kwa nini sikuwahi kujua. Nikiuliza naambiwa ni mambo ya kwaya. Mama alichukua kitabu chake cha nyimbo akaondoka, akaapa hatahudhuria.

Baadaye alisema alihudhuria, kwamba alisimama karibu na mlango kisha akatoka kabla ya mwisho. Baba, ambaye muda wote alikuwa akitazama waimbaji wake, hakumwamini. Tangu hapo, wakigombana kuhusu chumvi au bomba la maji, neno ni lile lile: "Siku ile hukuja." Mama huondoka chumbani. Mimi nami, niseme ukweli, nilikuwa upande wa baba. Namjua mama kwa kiburi chake. Niliona kwamba aliapa, akatimiza, kisha akaona aibu.

Kazi yangu ni fundi wa redio na spika, nina meza kwenye ghorofa ya pili River Road. Siku hizi kuna kitu kimeniteka akili: kuchukua rekodi za zamani za matamasha, zile za pande mbili tu, kulia na kushoto, na kuzitandaza kwenye spika tano zinazomzunguka msikilizaji. Jirani yangu wa meza, anayeuza nyaya, alinicheka siku ya kwanza.

"Niaje, hiyo sauti ya nyuma unatoa wapi na kaseti iko na side mbili tu?"

"Iko ndani," nikamwambia. "Watu wamekaliana tu, mimi nawasongesha."

Si uongo, ingawa si ukweli wote. Programu hutazama kile kinachosikika sawasawa pande zote mbili na kukipeleka spika ya katikati. Kinachotofautiana hukisia kwamba kilikuwa pembeni, au nyuma. Ukitoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, kilichokuwa katikati kinafifia kabisa, na kinachobaki ndicho kinachonifanya nisahau chakula cha mchana: viti vinavyoburutwa, mtu anakohoa, mtoto ananyamazishwa. Unakutana na watu ambao hakuna aliyekusudia kuwarekodi.

Kaseti ya tamasha la baba niliianza kwa mchezo tu, nikitaka kumpelekea zawadi. Kinasa sauti kilikuwa kimewekwa kwenye stuli nyuma yake, na maikrofoni mbili. Nilipoiondoa kwaya ya katikati, likajitokeza kanisa zima, na ndani yake sauti ya mwanamke aliyekuwa akiimba pamoja na kwaya kutoka kwa waumini. Nilikasirika. Alikuwa akiharibu kiitikio. Nikaanza kumpunguza, nikakaribia kumfuta. Kilichonizuia ni kwamba alijua maneno yote mpaka ubeti wa mwisho, na alikosea mahali pamoja tu, kila kiitikio kilipofika, bila kukosa hata mara moja. Mtu asiyejua kuimba hukosea ovyo. Huyu alikosea kwa mpango. Nikamwacha, na siku mbili nzima nilijiuliza ni nani.

Jumapili baada ya ibada wazazi walikuja kwangu Woodley. Nilimkalisha baba katikati ya zile spika. Mama alikaa kando na chai yake, akijifanya anasoma gazeti. Nikawasha, na wimbo haukufika ubeti wa pili baba akainua mkono.

"Zima. Kwani wanawake wamekaa kwa wanaume?"

Sikuelewa.

"Kanisani kwetu ukiingia, wanawake kushoto, wanaume kulia. Hivi vigelegele vinatoka kulia vinafanya nini?"

Nilikuwa nimevitawanya kila upande kwa sababu vilipendeza vikizunguka. Mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gazeti. Nikavirudisha kushoto, na pamoja navyo yule mwimbaji wangu wa siri, nikaanza upya.

Kiitikio kilipofika, mkono wa baba, uliokuwa ukiongoza kwaya juu ya goti, ulisimama.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena.

"Nani huyo anaimba nota ya *la*?"

Nikaanza kumweleza kwamba upande wa nyuma ni kazi yangu, kwamba programu inakisia tu, huenda huyo mwanamke alisimama popote. Hakunisikiliza. Alisema polepole kwamba wimbo ule aliutunga mwenyewe, na hapo sauti ya pili walikuwa wakipanda hadi nota ya *la*. Wiki za mwisho aliishusha ikawa *so*.

"Kwaya yote ilikubali *so*. Mtu mmoja alikataa. Alisema nimeua wimbo. Mbele ya watu wote alisema."

Ndipo nikajua walichokosania. Spika nilikuwa nimezipanga mimi, lakini ile *la* hakuna programu iliyoiweka pale.

Mama alikuwa ameweka gazeti chini.

"Ulikuja," baba alisema.

"Si nilikwambia."

"Na ukaimba *la*."

"Ndiyo. Wimbo ulikuwa mzuri hivyo."

Baba alivua miwani. Alisema, "Nisamehe, mama watoto," na akarudia kwa Kiluhya. Sijawahi kumsikia akiomba msamaha, kwa lugha yoyote. Nilifurahi kupita kiasi, nikajiona hodari, nikaanza kubonyeza bonyeza vitufe ili wasione macho yangu.

"Na wewe?" mama akauliza.

Nilifikiri anaongea na baba bado. Nilipoinua kichwa, alikuwa akinitazama mimi.

"Wewe uliniamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ugomvi ulikuwa umekwisha, mchana ulikuwa mzuri, na baba alikuwa akijipangusa machozi kwa kitambaa cha kiti. Lakini mama hajawahi kunidanganya, na hilo ndiyo kwanza nilikuwa nikiligundua.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikukuamini."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Nilijua," alisema. "Na siku ile yote ulikuwa mgongoni kwangu."