Gololi Zilizolowekwa

Siku sita nzima fundi cherehani alikuwa hasemeshwi na binti yake. Kosa ni la mdomo wake mwenyewe. Dukani, mbele ya wateja wawili, aliinua sketi aliyoshona binti, akaigeuza ndani nje, akauliza, "Huu ni mshono au mlevi amepita hapa?" Wateja wakacheka. Binti akaweka mkasi mezani taratibu, akatoka, na cherehani ya pili ikabaki imefunikwa shuka.

Kuomba radhi fundi alikuwa hajui. Midomo yake ilizoea kushika pini. Akaona bora aingie jikoni. Binti alikuwa haambiwi kitu kwa ile chai ya matcha, unga wa kijani unaokorogwa na maziwa, barafu na harufu ya waridi, chini yake gololi nyeusi za wanga wa muhogo zinazovutwa kwa mrija mnene. Jumapili asubuhi fundi akajifunga kibwebwe.

Unga ulimgomea. Aliumwagia maji ya moto, ukafanya madonge. Alipoyaponda kwa kijiko, yakazaa madonge madogo. "Kazi gani hii!" Akauchuja kwa kipande cha kitambaa chepesi cha shifoni. Maua makavu ya waridi akayachemsha na sukari mpaka nyumba nzima ikanukia kama kabati la nguo za harusi.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, akachungulia mlangoni.

"Mama watoto, unapika au unapaka ukuta rangi?"

"Baba watoto, kasome gazeti lako."

"Nimeshalimaliza. Habari zote ziko huku."

Zikabaki gololi. Tangu alfajiri alikuwa ameziloweka kwenye beseni la maji baridi, kama alivyoloweka kila kitambaa maishani mwake kabla ya kukikata, kisije kikanywea mwilini mwa mteja. Akafunua beseni. Hapakuwa na gololi hata moja. Palikuwa na uji wa kahawia, mzito kama gundi, na alipotia mkono, mkono ukakataa kutoka.

"Jamani! Nimekosa nini mimi!" Akalipiga beseni. Uji ukarukia ukutani.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Binti akasimama na nywele zake za usingizi, akatazama ukuta, beseni, mkono wa mama yake.

"Nani kakwambia uziloweke?"

Maneno ya kwanza kwa siku sita.

"Sasa kitambaa gani kinakatwa bila kulowekwa?" fundi akafoka.

"Mama! Hizi zinatiwa kavu kavu kwenye maji yanayotokota!" Binti akachota uji kwa kidole, akauinua juu kama sketi ile. "Baba, hebu tazama. Hiki ni chakula au mlevi amepita hapa?"

Baba akajikuna shingo, asithubutu kucheka. Fundi uso ulimchoma. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno; akalimeza.

"Mlevi amepita," akasema. "Na siku ile dukani, mlevi nilikuwa mimi."

Binti akachukua pakiti ya gololi. Akaitikisa, akakuta zimebaki kiasi, akabandika sufuria.

Chai ilipokuwa tayari fundi alivuta mrija, gololi ikampiga kooni kama kifungo cha koti. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Tafuna, mama! Haimezwi hiyo!"

"Na hii ndiyo mnayoipangia foleni? Majani matupu!"

"Kesho usiiguse ile sketi," binti akasema, akimpigapiga mgongoni. "Nitakuja dukani kuifumua mwenyewe."