Ubao wa Mwezi Ujao

Nikiwa kijana, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuahidi watu mambo. Nililipwa mshahara wa msaidizi wa maktaba, lakini vitabu nilivipanga tu kwa kuwa nililazimika. Roho yangu ilikuwa kwenye ubao.

Maktaba yetu ya Isiolo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati, si mbali na soko. Tulikuwa wafanyakazi wawili: mimi, Mborana wa mtaa wa Wabera niliyemaliza kidato cha nne na kuvimba kichwa, na mkuu wangu, mama Mmeru wa maneno machache ambaye nilimwita madam. Wasomaji wetu wengi walikuwa wazee waliokuja kukimbia jua. Walifungua gazeti, wakasalimiana, wakalala. Madam alisema mtu anayelala karibu na kitabu ni bora kuliko anayelala mbali nacho, kwa hiyo tuliwaacha.

Ubao ulisimama nje, kando ya mlango. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa MWEZI UJAO, na chini yake nikapanga huduma na mipango yote ambayo maktaba ingewaletea wananchi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na uzuri wake niliujua kupita kiasi. Nikimaliza kuandika nilivuka barabara, nikarudi polepole kama mpita njia, nikasimama kuusoma kwa mshangao. Ati nani huyu anayeandika hivi! Siku ya mnada nilienda mpaka soko la mifugo, nikasimama katikati ya mbuzi na kuwatangazia wachuuzi mipango yetu kwa sauti. Mbuzi walinisikiliza vizuri.

Tatizo lilikuwa moja tu: mipango yenyewe haikutokea. Nilitangaza sinema ya bure, watu wakaja mpaka kutoka Ngaremara, mashine ikafika bila balbu. Nilitangaza saa ya hadithi kwa watoto. Siku hiyo hadithi zote zikanitoka kichwani, nikawafundisha kunyamaza. Nilitangaza sanduku la vitabu litakalopelekwa kijiji cha Kulamawe kila mwezi. Nikalipakia kwenye lori la mfanyabiashara wa ngozi, dereva akapitiliza moja kwa moja, na sanduku likarudi baada ya wiki kadhaa likinuka mpaka madam akaliweka nje. Hakuna aliyesoma kitabu hata kimoja humo, isipokuwa labda dereva.

Basi mji ukanipa jina. Nikipita sokoni, wauza miraa wanaita, "Mwezi Ujao! Habari ya leo?" Wazee wa msikitini nao, baada ya salaam aleikum, wananiuliza kwa upole kabisa kama sinema imefika. Nilikasirika, tena sana. Lakini mwisho wa mwezi ulipofika nilichukua chaki na kuahidi upya.

Wakati huohuo nilikuwa nimependa. Msichana huyo alikuwa akiazima vitabu na kuvirudisha kabla ya siku yake, jambo ambalo katika maktaba yetu lilikuwa muujiza. Nikaona huyu ni mtu wa kutimiza, mimi ni mtu wa kutangaza, tutafaana. Yeye alinicheka, lakini hakukataa. Wazee wangu wakaenda kwao na buni ya kukaanga kwa samli, kama desturi yetu ilivyo, kuomba mke.

Baba yake alisema hana neno. Mama yake akikubali, imetosha. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu aliyeuza maziwa sokoni, na alikuwa amepita mara nyingi mbele ya ubao wangu. Hakujua kusoma, lakini kila mara aliuliza watu umesema nini, na kila mara alikumbuka.

Aliwajibu wazee wangu hivi: "Huyu si ndiye yule wa mwezi ujao? Na binti yangu ataolewa lini, mwezi ujao? Atakula lini? Mwezi ujao?"

Wazee wangu walirudi wakiwa wamejikaza wasicheke. Hakukataa, walisema, lakini hakukubali pia. Alisema anataka kuona kwanza. Nami sikulala raha, maana nilijua hakuna kitu cha kuona.

Hapo ndipo nilipotangaza darasa la kusoma na kuandika kwa akina mama, kila Jumanne baada ya alasiri. Safari hii niliapa litafanyika hata kama nitafundisha viti. Niliogopa hatakuja mtu. Wakaja wanawake wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru, wengine na watoto mgongoni, na wa mwisho kuingia, akiinamisha kichwa mlangoni kwa urefu wake, alikuwa yeye. Mama wa msichana wangu! Akaketi mbele kabisa, akanikazia macho.

Inafaa nieleze adabu zetu, maana bila hizo hutaelewa jasho langu. Mwanamume wa kwetu hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na jina lake halitamki kamwe, awe hai au amekufa. Naye mama mkwe, akimwona mkwewe, hujifunika uso kwa mtandio na kugeukia upande. Hiyo ndiyo heshima. Anayemtamka mama mkwe kwa jina ametangaza mbele ya watu kwamba huyo si mkwe wake.

Yeye hakujifunika. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka nywele, kama wanunuzi wanavyomtazama dume mnadani kabla ya kumshika meno. Mwisho wa somo alipita mezani kwangu na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, "Kijana, bado hujawa mkwe wangu. Siku nikikubali sitakutazama tena. Wacha nikutazame sasa."

"Sawa, mama," nikasema. Nikainama kuokota chaki.

Akanitazama kila Jumanne. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile, na sijawahi kudondosha chaki mara nyingi namna ile. Wanafunzi wote niliwaita mama, hivyo jina lake halikunipa shida. Alikuwa mgumu wa kuelewa na mgumu zaidi wa kukata tamaa. Mkono uliozoea kukamua ulishika kalamu kwa nguvu mpaka ikavunjika, naye akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja. Lakini nilimwona siku moja sokoni, kati ya wateja wawili, akichora herufi ya kwanza ya jina lake kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, kisha akaifuta haraka. Siku hiyo nilisahau kwamba namwogopa. Nilitaka aweze, basi.

Darasa likaenda vizuri mpaka nikalewa sifa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mpango unaotokea! Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilichukua chaki na kuandika, kwa ule mwandiko wangu wa kuringa, kwamba mwezi ujao kutakuwa na sherehe ya kumaliza darasa. Kila mama ataandika jina lake ubaoni mbele ya wageni, na mwalimu atalisoma kwa sauti. Madam akafurahi, jambo la nadra, akamwalika ofisa kutoka Nairobi. Nami nikavuka barabara kwenda kuusoma ubao wangu kutoka ng'ambo.

Msichana wangu alinikuta nimesimama hapo nikijivunia mwandiko.

"Umesoma ulichoandika?" akaniuliza.

"Nimesoma mara nyingi. Si kimekaa vizuri?"

"Mwalimu atalisoma kwa sauti. Jina la mama yangu."

Nilisoma tena. Wallahi ubao ule niliuona kama umeandikwa na adui yangu.

"Lakini hajakubali bado," nikasema. "Kwa haki si mkwe wangu."

"Basi litamke. Ukilitamka mbele ya mji mzima, nani atakuja tena kwetu na buni?" Akaondoka bila kuniaga.

Nikarudi ndani na kumwambia madam tubadilishe kidogo, labda asome yeye. Hakuinua macho kutoka kwenye kadi zake. "Ubao umesema mwalimu. Mwalimu ni nani?" Nikajaribu kumweleza. Akasema, "Kijana, tangu nikujue ubao huu umesema uongo kila mwezi. Mpango huu mmoja wa kweli hutaufuta." Na kweli, ningeufuta vipi? Ningeufuta, ningebaki Mwezi Ujao mpaka kaburini, na mama yule angekuwa ameona alichotaka kuona. Nikisoma, nimemkataa mkwe. Nisiposoma, nimejifanya mkwe kabla ya kukubaliwa, huo nao ni utovu wa adabu. Nilijitia mtegoni mwenyewe, tena kwa herufi nzuri.

Siku ikafika. Tuliingiza ubao ndani. Chumba kilijaa, na wazee wa gazeti, kwa mara ya kwanza, walikuwa macho. Ofisa wa Nairobi aliketi mbele na tai yake, akijipepea kwa kofia. Baba wa msichana wangu alisimama nyuma ukutani, na msichana mwenyewe mlangoni, akitazama kila mahali isipokuwa kwangu.

Mama wa kwanza akaandika, nikasoma, watu wakapiga makofi. Wa pili, wa tatu, makofi. Sauti yangu ilikuwa kubwa, na kila jina nililosoma nilijua linanisogeza karibu na lile moja.

Akainuka. Akaandika polepole, chaki ikilia, mabega yakipanda na kushuka. Akarudi nyuma kuliangalia. Lilikuwa sahihi, kila herufi, limepinda kidogo tu kuelekea chini. Kisha akanigeukia.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakohoa, nikajifanya chaki imeniingia kooni. Hakuna aliyedanganyika.

"Mwalimu, soma!" mtu akaita.

Sikusoma. Nikamwona uso ukimbadilika. Alidhani amekosea. Miezi yote ile, mbele ya mumewe na binti yake na soko zima, amekosea jina lake mwenyewe! Akainua kiganja, akalifuta, akaanza upya kwa herufi kubwa zaidi. Moyo uliniuma sana. Nilikaribia kusema, liwe litakalokuwa, nimpoteze binti lakini huyu mama asipoteze jina lake.

Alipomaliza aliniangalia tena, na safari hii sikuweza hata kumtazama. Nikafanya lile mwili wangu ulilofundishwa tangu utoto: nikainamisha kichwa na kugeuza uso upande, mbele ya mkwe.

Wageni wakaanza kunong'ona. Halafu nikasikia mwanamke mmoja wa Kiturkana, mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote, akianza taratibu kutamka silabi ya kwanza. Jirani yake akadakia ya pili. Kisha darasa zima likasimama, likalisoma jina lile kwa pamoja kutoka ubaoni, bila mwalimu, kwa sauti iliyotikisa mabati. Wakalirudia. Vigelegele vikapanda, na nyuma ukutani mzee mumewe akajipangusa macho kwa shuka.

Katikati ya kelele hizo nilimsikia ofisa wa Nairobi akimwinamia madam na kumwuliza kwa wasiwasi, "Wanafunzi wanajua. Lakini mwalimu, yeye anajua kusoma?"

"Anajifunza," madam akamjibu.

Mimi bado nilikuwa nimekodolea sakafu macho. Niliona miguu yake ikisimama karibu na ubao, haisogei. Alikuwa ameelewa kwa nini nilinyamaza, sasa alikuwa anapima kama anikubali. Nikajiambia sasa atakuja kunisemesha ana kwa ana, kama kila Jumanne, na posa yangu itakuwa imekwisha.

Hakunisemesha. Nilisikia mtandio ukivutwa. Nilipothubutu kuinua jicho kidogo, uso ule ulionikagua miezi yote haukuwepo. Alikuwa amejifunika mpaka machoni na kunipa ubavu. Alimwita mwanamke aliyekuwa karibu naye, akaongea naye kwa sauti ambayo hata mlangoni ilifika.

"Mwambie yule mtu achukue chaki yake," alisema. "Aandike harusi. Mwezi ujao."