Nzi Wenye Macho Mekundu

Shuleni kwetu Iringa, miaka ya sabini, mwalimu wa bayolojia alifuga nzi wadogo wa matunda ndani ya chupa za jemu, kwa ndizi zilizopondwa. Wote walikuwa na macho meupe, na wazazi wa namna hiyo, alitufundisha, huzaa watoto wenye macho meupe tu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa chupa hizo. Nilijiona mtu.

Asubuhi moja tukakuta mle nzi wenye macho mekundu, kama wale wa mitaani.

Mwalimu alininusa shati. "Kwenu wanauza ulanzi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mama."

Ulikuwa msimu wa mvua, mianzi inagemwa ulanzi, na kila chombo cha pombe nyumbani kilizingirwa na nzi hao. "Wamemfuata shemeji yao!" mmoja alipaza sauti, darasa likaangua kicheko. Nikanyang'anywa chupa.

Nilifika nyumbani ninawaka. Nilimwambia mama kwamba uchafu wake umeniaibisha, asiiguse sare yangu, asikanyage shuleni. Pombe aliihamishia nyuma ya nyumba, ambako wanywaji hawakupenda kukaa. Na tangu siku hiyo, kila nilipoingia, alisogea pembeni akaikung'uta khanga yake, ndipo anikaribie.

Baada ya kidato cha nne niliondoka. Nilibeba mizigo Makongolosi, nikauza nyanya Ilula, sikutulia. Miaka hiyo ya sabini ikielekea ukingoni, nikakutana na yule mwalimu Mbeya, alikohamishiwa, nikamsimulia nilikopita.

"Wewe! Nzi wako wamenifuata mpaka huku," alisema. Alikuwa amezifunga chupa kwa kitambaa kizito, wala jirani hapakuwa na ulanzi, na bado macho mekundu yalitokea. "Hawakuingia. Walizaliwa mle mle. Wataalamu wanasema kuna vipande vya urithi vinavyohama. Kimoja kikijipachika pabaya, jicho linapoteza rangi. Kikitoka, rangi inarudi. Vinahangaika kama wewe!"

Alicheka. Mimi nilishindwa hata kumtazama. Kesho yake nilipanda basi la Iringa.

Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Wale nzi hawakutoka kwako. Mwalimu mwenyewe kasema."

"Marahaba. Nzi gani tena, mwanangu?"

Alikuwa amekwisha kuwasahau. Nikafungua kinywa nimweleze, lakini alikuwa tayari amesogea pembeni, anakung'uta khanga.