Laini ya Kamati ya Wazazi

Siku kamati ya zamani ya wazazi ilipokabidhi kwa kamati mpya nilikuwepo, na ninachokumbuka zaidi ni soda. Kulikuwa na soda, kulikuwa na keki, na kulikuwa na kitenge alichovishwa katibu anayeondoka huku sisi akina mama tukipiga vigelegele mpaka darasa la jirani likashindwa kusoma. Katibu huyo alikuwa afisa mifugo, mwanamke aliyeletwa kikazi kutoka Tanga, na sasa uhamisho ulikuwa umemkuta. Alimkabidhi katibu mpya faili, mhuri, na bahasha yenye laini ya simu ya kamati. Wakashikana mikono, wote wawili wakitazama kamera badala ya kutazamana. Halafu tukatawanyika. Hakuna mtu aliyemuuliza yule mama, hii kazi ulikuwa unaifanyaje?

Na asingeulizwa. Kwetu hapa Bariadi, ukimuuliza sana anayeondoka utaonekana unamchunguza. Na anayeondoka akiongea sana, wataanza kunong'ona kwamba hataki kuachia kiti. Basi kila mmoja ananyamaza kwa adabu zake, na adabu hizo ndizo zilizotaka kuniulia mtoto.

Mimi ni fundi cherehani pale sokoni. Nimezaliwa huku, Kiswahili nimejifunzia shuleni, nyumbani kwetu ni Kisukuma tu. Kwenye kamati sijawahi kuwemo. Vyeo vya kamati karibu vyote wanapewa watumishi wa serikali kwa sababu wanajua kuandika muhtasari, na sisi wenyeji tunapewa kupika siku ya mahafali. Sikuwa na kinyongo na hilo. Ila mtumishi leo yupo, kesho barua ya uhamisho imefika, na anaondoka na kila kitu alichokuwa nacho kichwani. Anakuja mwingine, anafungua grupu jipya la WhatsApp, anaandika "Tunaanza upya", na sisi tunaweka vidole gumba. Upya wa nini, wakati watoto ni wale wale na njia ni ile ile?

Njia yenyewe inakatwa na mto. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza humo mpira. Masika, maji yanakuja kwa ghafla, na ubaya wake ni kwamba yanaweza kuja wakati hapa kwetu jua linawaka. Mvua inakuwa imenyesha juu huko, upande wa Nkololo, wewe huku umeanika nguo. Enzi za yule mama wa Tanga kulikuwa na siku ambazo watoto wa ng'ambo, wangu akiwemo, walizuiliwa shuleni mchana kweupe, jua kali, tunaambiwa wasubiri kwanza. Tulilalamika kweli. Tulisema walimu wanawapalilisha shamba la shule. Jioni tukienda kuwachukua tunakuta mto umejaa, tunasema tumebahatika, tunasubiri maji yapungue, tunarudi zetu.

Masika ya kwanza ya kamati mpya, watoto hawakuzuiliwa hata siku moja. Nikafurahi, naapa nilifurahi, binti yangu alikuwa anawahi nyumbani kunisaidia kupika.

Siku ile alikuja hana viatu, hana begi, sketi imemganda miguuni, meno yanagongana. Waliingia mtoni maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Walipofika katikati wakasikia mlio, wakadhani ni lori. Kulikuwa na mtu anavuka na mkokoteni wa ng'ombe, ndiye aliyewapigia kelele wapande, wakarukia, na binti yangu ambaye ni mfupi kuliko wenzake alikosa. Alishika mkia wa ng'ombe. Alivutwa ndani ya maji hayo ya matope mpaka ng'ombe wakapata ukingo. Alinisimulia huku anakohoa, halafu akaniomba radhi kwa ajili ya viatu. Mwanangu, ametoka kwenye kifo, ananiomba radhi kwa ajili ya viatu. Nilimkumbatia nikalia, na nilipomaliza kulia nikajifunga kanga nikaenda kumtafuta katibu.

Katibu mpya ni dada wa halmashauri, mpole, ana sauti ya kwenye redio. Akaniambia pole sana mama, lakini sisi kama kamati hatukupata taarifa yoyote ya mto. Nikamuuliza, wenzenu walikuwa wanaipata wapi? Akasema hilo hajui, kwenye faili halimo. Alisema "halimo" kwa utulivu kabisa, na akaona amemaliza.

Basi nikampigia yule wa zamani huko alikohamia. Nilipomweleza akauliza, "Kwani hakubipu?"

Nani?

Ndipo akanieleza. Alipokuwa anazunguka kuchanja ng'ombe alifahamiana na mfugaji mmoja huko juu, boma lake linautazama mto. Wakapatana. Maji yakianza kupita kwake, anabipu ile namba ya kamati. Haongei, haweki hata vocha. Akibipu mara tatu mfululizo basi maji yanakuja huku chini, na wewe usimpigie, mwache na ng'ombe wake, waambie walimu wazuie watoto. Ilikuwa rahisi hivyo. Jina la yule baba alikuwa amelihifadhi kwenye simu yake mwenyewe, si kwenye laini, kwa hiyo laini ilipohamia simu nyingine, jina halikwenda nayo.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Dada yangu, nani aliniuliza? Nilikabidhi mali zote, nikasaini. Ningeanza kuwafundisha kazi wangesema najifanya bado ni katibu."

Nilikata simu bila kuaga. Si tabia yangu, nimelelewa vizuri, lakini nilikata.

Nikarudi kwa dada wa halmashauri. Nikamwambia fungua simu, tazama namba zilizobipu. Akatafuta, akatafuta, halafu uso ukambadilika. Namba ilikuwepo, kwenye zile alizozifungia. Alinieleza taratibu kwamba tangu mvua zianze kuna mtu alikuwa akibipu, akimpigia hapokei, na siku hizi matapeli wamezidi, kila saa mtu anakwambia tuma kwa namba hii. Akambloku. Mimi nilikaa pale kwenye benchi lake. Ningemtukana vipi? Mimi mwenyewe namba nisiyoijua ikibipu hivyo naiona ya tapeli. Lakini hasira haikushuka, ilikosa tu pa kutua.

Nikaomba namba, nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena asubuhi, haipatikani. Nikamwambia katibu, mtafuteni huyu mtu. Akasema mwenyekiti ameshauri aandikiwe barua kupitia serikali ya kijiji chake, ili jambo liende kwa utaratibu. Barua. Kwa mtu ambaye kitu pekee alichowahi kutuomba ni tusimpigie simu.

Wakaitisha kikao cha wazazi wote, katika darasa moja pale shuleni. Mwenyekiti, mwenye duka la pembejeo hapo mjini, akasoma ajenda. Sare mpya za michezo, rangi ya madarasa, mahafali. Nikasubiri nisikie mto. Mto ulikuwa kwenye mengineyo. Nikasimama, nikasema mwenyekiti, mtoto wangu hawezi kuwa mengineyo. Akaniambia mama, tulia, kila jambo litafikiwa kwa zamu yake, tusiendeshwe na jazba. Wengine wakaguna kwamba nikae sasa, tunachelewa. Hao hao waliopiga vigelegele siku ya keki. Sikukaa.

Nikiwa bado nimesimama, mlango ukafunikwa na mtu. Mwanamume wa makamo, lubega begani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ameshika kuku miguu juu, na nyuma yake nje nikaona baiskeli imefungiwa debe la unga. Akasalimu kwa Kisukuma, mwadila, tukaitikia. Mwenyekiti akamwambia mzazi karibu, tafuta kiti.

"Mimi si mzazi wa hapa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, akikitafuta neno kwa neno. "Natokea juu, Nkololo. Mnadani nimesikia mto umebeba mtoto wa shule hii. Nilibipu, nilibipu mpaka simu ikazima. Naomba kuuliza, msiba uko kwa nani?"

Alikuwa amekuja kunizikia mtoto. Amekokota baiskeli njia yote ile na unga wa matanga, akijua aliyekufa ni mtoto ambaye yeye alimpigia simu asife. Nikatoka mbio kwenda darasani kwake, nikamshika binti yangu mkono, nikamleta mbele yake, nikamwambia kwa Kisukuma, baba, huyu hapa, hakufa. Binti akapiga goti akamwamkia. Yule baba alimtazama, akamgusa kichwani, akamgusa na bega, kama anayekagua ndama. Halafu akaketi sakafuni, kuku bado mkononi, akajifunika uso kwa lubega.

Katibu alikuwa analia, nitakuwa muungwana niliseme hilo. Mwenyekiti alisimama akatoa shukrani kwa niaba ya kamati, ndefu, zenye "kipekee kabisa" ndani yake, akaahidi kwamba suala la mawasiliano litawekwa kwenye mpango kazi.

Yule baba akamwacha amalize. Kisha akatoa kisimu chake cha batani, kimefungwa na mpira, akakinyoosha kuelekea meza kuu.

"Nimewasikia," akasema. "Sasa nikirudi, mvua ikinyesha leo jioni, nimbipu nani?"

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akatazama simu yenye ile laini ya kamati. Mtu mmoja nyuma akasema wateue kwanza kamati ndogo. Nami nikaona kama nikingoja neno moja zaidi nitamrushia mtu kiti, nikaenda nikakichukua kile kisimu, nikaandika namba yangu. Nikamrudishia. Nikamwambia, baba, mbipu mimi, usiku na mchana, mimi si mtumishi, sihamishwi.

Akaitazama namba, kisha akamtazama binti yangu na sketi yake iliyokwisha kuwa fupi.

"Mayu, mama yangu," akaniuliza, "na huyu yuko darasa la ngapi?"

Nikamwambia la saba, mwaka huu anamaliza. Akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia simu. "Basi ongeza na ya mwingine," akasema.

Nikageuka na kile kisimu mkononi, nikawatazama wazazi wenzangu, darasa zima. Wengi walikuwa wanaangalia meza zilizo mbele yao.