Pikipiki Iliyokunywa Kidogo

Miaka ile petroli ilipoadimika Jinja, nilikuwa fundi wa pikipiki nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, na kila aliyeingia uani kwangu nilimshuku kabla hajatoa salamu. Usinicheke. Mtu akileta pikipiki nzima, akasema "fundi, angalia tu," ulijiuliza anataka uangalie nini. Nao walinishuku mimi. Nilikuwa Mkenya, nilisema Kiswahili bila kukwama, na katika mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, kikinyooka kilimfanya hata muuza nyanya apunguze sauti. Majirani walidhani mimi ni mtu wa askari, na askari walidhani mimi ni mtu wa magendo. Nilikuwa nimeoa palepale Mafubira, pembeni mwa mji, lakini ndoa haikunisafisha.

Kilichonipa sifa ni kabureta. Humo petroli huchanganyika na hewa, na ndani yake kuna sindano inayopanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta kwa mkono. Ukiishusha kidogo, petroli hupita kwa ubahili. Pembeni kuna skrubu ya hewa, unaizungusha polepole huku unasikiliza injini mpaka itulie. Mafundi wengi waliishia hapo. Mimi niliipeleka pikipiki barabarani, nikaikimbiza kwenye mwinuko, nikaizima ghafla, nikafungua plagi na kutazama ncha yake. Ikiwa nyeusi, inakunywa ovyo. Ikiwa nyeupe, inaungua ndani na pistoni itakwama siku moja mbali na nyumbani. Nilitaka rangi ya chai ya maziwa. Maneno ya mwenye pikipiki sikuyaamini, na sikio langu sikuliamini sana. Niliiamini plagi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na sanduku la mawe ya chuma, kupima kama mizani ya wanunuzi wa kahawa inasema kweli. Mara kwa mara alitumwa Mbale kwa pikipiki ya serikali. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, aliyenitania kwamba Wakenya tunapika ugali wa kupigia watu. Nilimpenda. Pikipiki yake niliishughulikia kuliko yoyote, mpaka ikaweza kwenda Mbale na kurudi Jinja kwa petroli aliyopewa ya kwenda tu. Tulicheka siku ile kama watu waliomuibia mwizi.

Hatukufikiria Mbale. Kule kituo kilikuwa kimoja kilichokuwa na petroli, nacho kililindwa na askari. Kila mwenye chombo alipanga foleni, akalala hapo, akatukanwa, akapigwa mateke, akarudi tena kupanga. Askari wakazijua sura za watu wote. Wakaanza kuwa na hesabu yao ya ajabu: anayepanga foleni ni mwananchi, asiyepanga ana petroli yake ya magendo. Shemeji alikuwa anaingia Mbale, anapima mizani, anapita mbele ya foleni akiwapungia watu mkono, anarudi nyumbani. Barabara yenyewe hupita Tororo, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Na huku nyumbani kwa dada yake kuna shemeji Mkenya. Hata mimi ningemshuku.

Habari za kukamatwa kwake zililetwa na dereva wa lori. Kwanza nilimshuku dereva. Nilimuuliza shemeji alivaa nini, sanduku limefungwa kwa kamba gani, mpaka akachoka, akasema, "Ndugu, mimi nimeleta salamu. Kama hutaki, nairudisha." Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Hakuniomba kitu. Alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, na hapo nikajua ninakwenda.

Mbale nilimkuta afande wa wale askari kwenye ua wa kambi yao, amekaa juu ya kreti ya soda. Pikipiki ya shemeji ilikuwa imeegemezwa ukutani, sanduku la mawe limemwagwa chini. Shemeji mwenyewe alikuwa ndani ya ghala lenye dirisha la nondo, pamoja na wengine waliokamatwa kwa kosa hilohilo la kutopanga foleni. Niliona macho yake tu.

"Wewe ndiyo fundi?" afande akauliza, kwa kile Kiswahili cha askari ambamo mimi, wewe na yeye wote ni "na".

"Ndiyo, afande."

"Hii pikipiki nakwenda Jinja, narudi, hapana kunywa. Nakunywa nini? Hewa?"

Nikamwambia, kwa kweli, inakunywa hewa zaidi kidogo kuliko nyingine. Askari walicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Onyesha. Kama nadanganya, utakaa ndani na rafiki yako."

Wakamwaga petroli yote ya tangi mbele yangu. Wakaleta chupa mbili za soda, zimejaa sawasawa. Moja wakaitia kwenye pikipiki ya askari, nyingine kwenye ya shemeji. Mimi nikainusa yangu kwanza, nikitafuta harufu ya mafuta ya taa, maana mtu akitaka ushindwe hakosi namna. Ilikuwa petroli safi. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Tukatoka kwa njia iendayo mji wa Kumi, askari na pikipiki yao mbele, mimi nyuma yao nimembeba askari mwingine mwenye bunduki. Mtutu ulikuwa unanigusa mbavu kila tukipita shimo. Siri ya pili ya kubana petroli ni mkono mwepesi, kwa hiyo nilikwenda taratibu kama anayebeba mayai. Askari wangu hakuelewa. "Kimbia!" akasema. "Kwa nini naogopa?" Nikamjibu nikikimbia itakunywa. Akaona ni ujanja, kwamba labda nangoja watu wangu watokee kichakani. Nami nilikuwa na hofu yangu: nikisimama mapema, nimesema uongo; nikifika mbali sana, nitaambiwa natoroka. Hakuna kilomita iliyokuwa salama.

Pikipiki ya askari ilikohoa tulipofika Nakaloke, ikafa. Tuliwapita wamesimama kando, mmoja anaitikisa kama mbuzi aliyegoma. Sisi tukaendelea, tukaendelea, hata askari nyuma yangu akaacha kunihimiza nikimbie. Injini ilipokata tulikuwa katikati ya mashamba ya pamba. Aliteremka, akafungua tangi, akatia jicho ndani. Kisha akapapasa chini ya kiti na ndani ya kisanduku cha spana akitafuta tangi la pili. Hakulipata. Tukangoja lori la kuturudisha.

Afande aliposikia alibadilika kabisa. Alinipiga bega, akaita chai, chai yenye sukari, na sukari miaka ile ilikuwa hadithi. "Sasa utatengeneza zote," akasema. Pikipiki za askari zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, uchafu mtupu. Ningekataa vipi? Nilikaa palepale uani, nikafungua kabureta moja baada ya nyingine, nikashusha sindano, nikasafisha, nikasikiliza. Afande alipiga hadithi. Alipocheka nilicheka pia, kwa sababu mtu wa namna ile akicheka huwezi kunyamaza. Dirisha la nondo lilikuwa mgongoni kwangu. Jioni wakamfungulia shemeji. Wale wengine walibaki.

Njia nzima hadi Jinja alishika chuma cha kiti badala ya kunishika mimi. Nilidhani ni maumivu. Mafubira dada yake alimkumbatia akilia, wakachinja kuku, na nilijiona mwanamume. Lakini pikipiki haikurudi uani kwangu. Nikasikia ameipeleka kwa fundi wa Budondo, sindano ikainuliwa ili inywe kama zamani, na sasa anapanga foleni Mbale kama wengine. Nilipomkuta njiani nikamuuliza kwa utani kama ameshiba petroli.

"Shemeji," akasema, "mimi nataka kuonekana kwenye foleni."

Lilikuwa neno la akili. Ningemsifu, isipokuwa hakunitazama usoni, na alikuwa ameshakanyaga kiki ya kuwashia pikipiki.

Siku nyingine mke wangu, wakati wa kunipakulia, akashusha mwiko. "Baba Watoto, wale waliokuwa na kaka ndani hawajarudi makwao. Kaka peke yake ndiye aliyetoka. Anasema alikuona unakunywa chai nao, unacheka. Uliwapa nini?"

"Niliwatengenezea kabureta."

"Kabureta tu?"

"Kabureta tu." Nikamweleza tangu mwanzo, sindano, chupa za soda, Nakaloke. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi inavyofanana na uongo. Nani angeamini kwamba uhai wa mtu ulinunuliwa kwa skrubu? Akasema sawa, akaendelea kupakua. Nilikasirika, tena sana, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Haikupita muda, asubuhi moja watu wakasema nyumba ya shemeji imefungwa. Yeye, mkewe na watoto hawapo, kuku wameachiwa jirani. Nilifunga kazi nikaenda nyumbani mbio, nikijua maana ya nyumba iliyofungwa miaka ile. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage.

"Kaka yako hayupo," nikasema. "Wamemchukua?"

"Sijui."

"Ameenda wapi?"

"Sijui, Baba Watoto."

Mkono wake haukusimama. Alitupa jiwe, akatupa bua, akaendelea. Kaka aliyebaki naye ni huyo mmoja, ametoweka na familia yake yote, na dada mtu hakulia. Nikaelewa kwamba shemeji alikuwa mzima, kwamba amefika anakokwenda, na kwamba mke wangu alijua tangu siku zile walipokuwa wanapanga safari. Walikuwa wamekubaliana nani asiambiwe. Nilisimama mlangoni na mikono yangu ya grisi, nikifurahi kwamba yu hai, na nikisubiri mke wangu ainue macho.