Gari la umeme lilikataa chaja, na mathe anatoka hospitali kesho

Wakuu, niaje. Hii sijasimuliwa, imenipata mwenyewe. Gari lenyewe liko hapa nje Lanet, asiyeamini apite alione.

Nina kagari ka umeme kutoka Japani. Chaja ya ndani iliungua, nikapata nyingine kwenye gari la aina ile ile lililogongwa. Tukaifunga vizuri, nikachomeka waya.

Kimya. Skrini ikaandika kwamba haitambui kifaa.

Nikachanganyikiwa. Part number ni ile ile! Kwani chuma nacho hukumbuka kilikotoka?

Na mathe, mama yangu, alikuwa anatoka hospitali kesho yake. Amepasuliwa mgongo, daktari amesema asirushwerushwe njiani. Gari lingine pale nyumbani ni pickup ya shemeji Kevo, na hiyo hata mtu mzima wa afya hushuka akishika kiuno.

Nikamwita Achieng, fundi wa magari ya umeme. Akaja na laptop, akaeleza kwamba chaja bado inajua gari la zamani, lazima software ipakiwe upya ndipo vitambuane. Nikavuta kiti nitazame, kwa kweli nilifurahia.

Katikati ya kazi skrini ikawa nyeusi. Achieng akasema ni kawaida, tusiguse, akaingia ndani kunywa chai, nami nikamfuata.

Kevo, fundi wa petroli tangu ujana, alifika baadaye, akaona gari limehang, yaani limeganda. Mnajua dawa yetu ya kila kitu. Akachomoa terminal, waya wa ile betri ndogo inayowasha kompyuta za gari, akangoja kidogo, akarudisha.

Achieng akatoka na kikombe. "Nani amegusa hiyo terminal?"

"Nilikuwa nai-reset tu, madam."

"Umeikatiza katikati, boss. Sasa hiyo chaja hata jina lake haijui."

Niliogopa, wakuu. Hakuna taa hata moja iliyowaka.

Akaanza upya, ikagoma. Akapima betri ndogo, akakuta imechoka. "Leta pickup yako," akamwambia Kevo. Wakaunganisha jumper, zile nyaya za kuazima umeme wa betri ya pickup, Kevo akaamriwa akae ndani injini ikiwaka, mikono mapajani. Safari hii software ikaingia yote. Taa ya chaji ikawaka, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Funzo: betri ndogo iwe na nguvu kabla ya kuanza, na skrini ikiwa nyeusi, tulia. Lakini bado najiuliza, ni kwa nini kifaa kifungwe kwa gari moja? Ni usalama ama ni biashara? Wanaojua watuelimishe. Kevo pia anasoma, mchekeni tu.

Na mathe? Asubuhi pale hospitali tulimweka kwenye kiti cha gari, akafumba macho, akashika mlango kwa nguvu akingoja maumivu. Alikaa hivyo muda mrefu.

Halafu akauliza, "Kwani tunaondoka saa ngapi?"

Tulikuwa tumeshafika kwa gate ya nyumbani.